Mlinzi wa Ghorofa ya Juu

Mdogo wangu Bwana Vitufe,

Salamu zangu zikukute mzima, umekula na umelala, maana nakujua, mambo hayo mawili ya mwisho huyakumbuki mpaka ukumbushwe. Wifi yangu hajambo? Lile jino lililokuwa linamtesa limeshang'olewa, au bado anamwogopa daktari? Mimi mwili haujambo. Pasi bado zinanichoma vidole, mwenye duka bado anataka mashuka ya hoteli yanyooke kama karatasi, na mgongo umeniambia wazi kwamba kazi ya kusimama haiutaki tena. Baba yupo. Nimetafuta neno jingine la kumwelezea nimelikosa, kwa hiyo pokea hilo hilo.

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu anayekupigia simu kila wiki. Kwa jambo hili simu siiwezi. Vyumba vyetu unavijua, kati yangu na baba kuna pazia tu. Kiharusi kilimnyang'anya ulimi na mkono wa kulia, lakini masikio kilimwachia, na siku hizi anasikia hata sindano ikianguka. Nikitaja jina lako tu anageuza kichwa. Ndiyo maana nimekaa huku kazini, kwenye meza ya kukunjia nguo, nakuandikia huku mashine zinazunguka. Barua ataileta jirani yetu fundi bomba, anayekuja huko kumwona binti yake.

Nianze na mchezo wako wa simu, ule wa jasusi, kwa sababu mambo yote yametokea humo. Ulipoutoa nilikusifu kama dada anavyopaswa kumsifu mdogo wake. Kisha nikaucheza, nikatamani ungekuwa karibu nikufinye. Jasusi wako ananyata vizuri, kofia imemkaa, anapita mgongoni kwa mlinzi na moyo unamdunda anayecheza kana kwamba yeye ndiye aliyeingia kwa watu. Mara mlinzi aliye chumba cha pili, na ukuta mzima wa matofali katikati yao, anamwona! Mlango ukiubonyeza haufunguki, ukiuacha unafunguka wenyewe. Kwenye ngazi mguu wa mtu wako unazama ndani ya saruji, anabaki akitetemeka kama aliyeshikwa na umeme. Na ukikamatwa, hata kama ulibakiza kidogo tu ufike kwenye sefu, unarudishwa getini kuanza upya. Nikajiambia rahisi ni ghali, mchezo wa bei ya kipande cha sabuni nitauombea nini zaidi? Na lile kapu la nguo chafu anamojificha! Hakuna dobi duniani anayeacha kapu katikati ya korido. Ungeniuliza, mwanangu wee, dobi unaye nyumbani.

Lakini sikuuacha, na hilo sikukuambia. Kuna utamu wa kusimama nyuma ya pazia ukimsubiri mtu ageuke. Mimi kutwa nzima naambiwa fanya haraka, na humo ndani mwenye haraka ndiye anayekamatwa. Nilikuwa nikirudi kazini, nikishamwogesha baba, najipa nusu saa ya kutoonekana na mtu yeyote, sauti ya simu nimeizima nisimwamshe. Nilikuwa naitukana simu, nazima, kisha nawasha tena.

Baba aliingia kwenye mchezo kwa njia nyingine. Yule mtaalamu wa mazoezi anayekuja kumnyoosha viungo alisema mkono wa kushoto nao unalegea kwa kukosa kazi, tumtafutie kitu cha kuvipa vidole shughuli. Nikampa simu yangu ya zamani na vile visikizi vya kuchomeka masikioni, ili kelele za walinzi zisinimalize. Unakumbuka ulivyozirekodi sauti zile, enzi hizo huna hela ya kukodi waigizaji? Ulimsimamisha baba sebuleni ukamfanya awe kila mlinzi wa jengo lile. Dalali wa mnada, mtu aliyelisha nyumba kwa koo lake akiuza makabati na baiskeli, ukamwambia afoke kidogo tu kama mlinzi aliyeshtuka. Mara ya kwanza alimnadi mwizi. Aliuliza nani anaongeza, nani wa mwisho, na sisi tuko chini tumeshika mbavu.

Basi baba akaanza kucheza kwa kidole kimoja, kisha viwili. Mwanzo alikuwa hapiti hata getini. Kabla mvua hazijakatika akawa anapanda ghorofa zote, anajua mlinzi anaona kupitia ukuta upi, na ni mlango upi wa kuuacha ufunguke wenyewe. Mtaalamu wa mazoezi aliviangalia vidole vile akasema kwa kweli hakuvitarajia. Ila baba alikuwa na kosa moja. Akifika juu kabisa, kwa mlinzi wa mwisho, anakamatwa. Kila siku ni huyo huyo. Mimi nikimwonea huruma, mzee wa watu anahangaika kutwa na kidole kimoja kizima na vingine vya kuazima, kisha anarudishwa getini.

Siku yangu ya mapumziko nikaona nimsaidie. Alipofika juu nikaichukua simu taratibu, nikampitisha jasusi nyuma ya mlinzi, nikafungua sefu, mchezo ukaisha na nyota zikamwagika kwenye kioo. Nikamwonyesha nikicheka. Baba alinipiga mkono, mdogo wangu. Alinipiga, kisha akalia mdomo wazi, bila sauti, na mimi nikabaki sijui nimekosa nini. Kesho yake nilikaa pembeni nikamtazama anavyocheza. Alipofika juu alimtoa jasusi nyuma ya pazia, akamsimamisha katikati ya korido kwenye mwanga wote, akasubiri. Kumbe hakuwa anashindwa. Alikuwa anajipeleka. Nikaomba kisikizi kimoja, akafikiri kwanza, kisha akanipa. Nilichokisikia nitakuambia mbele kidogo.

Ndipo ukapiga simu una furaha yako. Ulisema kampuni imeununua mchezo, wamekupa watu na vifaa, umetengeneza kuta, milango na ngazi, na toleo jipya liko tayari, tubonyeze tu tulichukue. Nilifurahi kwa dhati, usidhani vinginevyo. Nikabonyeza palipoandikwa ndiyo, kwenye simu yangu na kwenye ile ya baba. Kidole kilikuwa changu, kwa hiyo usiubebe mzigo huu peke yako.

Umefanya kazi nzuri, na nasema hivi nikiwa na uchungu. Walinzi hawaoni tena kupitia ukuta. Mlango unafunguka ukiambiwa. Baba alipanda mpaka juu kwa muda mfupi mno, akamsimamisha mtu wake kwenye mwanga, akafumba macho. Kisha akayafumbua. Akavitoa visikizi masikioni, akavipuliza kama vina vumbi, akavirudisha. Akaanza tena kutoka getini. Alifanya hivyo mpaka chakula chake kikakauka kwenye sahani, mpaka nikavichukua visikizi na kusikiliza mwenyewe, nikamsikia kijana mmoja nisiyemjua, sauti imenyooka, akitangaza kwamba umekamatwa.

Baba alinionyesha simu kwa kidole, akanionyesha mlango. Nikaelewa anataka ipelekwe kwa fundi. Nikaipeleka. Fundi simu aliifungua, akaipuliza, akaifunga, akaniambia kwa upole kwamba simu haina ugonjwa wowote na hela yangu haitaki. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba kwamba kuna kifaa kimeharibika na fundi amekiagiza. Aliitikia kwa kichwa. Tangu hapo baba haishiki simu. Vidole vimeanza kukunjamana tena. Analala akiutazama ukuta, chakula ni vijiko viwili vya kubembelezwa, na mtaalamu wa mazoezi ameniita nje akanieleza kwamba mtu asiyetaka kuinuka hawezi kuinuliwa. Nimechoka, mdogo wangu. Nanyoosha mashuka ya watu nisiowajua, na baba yangu mwenyewe siwezi kumnyoosha hata kidole.

Sasa nikuambie nilichokisikia siku ile. Wewe ulikirekodi, lakini nadhani umekisahau. Baba anafoka, "Wewe! Simama hapo hapo!" na nyuma yake, kwa mbali, mfuniko wa sufuria unaanguka, na mama anasema kutoka jikoni, "Mwache mtoto wa watu apite, chakula kinapoa!" Halafu baba anaanza kucheka, na hapo umekata.

Ni mama, bwana. Yule aliyekuwa akikimbia kila picha, aliyekataa hata kutuma ujumbe wa sauti kwa kusema hawezi kuongea na kitu kisichomwitikia. Tulipomzika tulitafuta sauti yake kwenye simu zote za ukoo tukaikosa. Baba peke yake ndiye aliyejua ilipo. Alikuwa anapanda jengo zima kwa mkono mmoja ili akakamatwe, aambiwe chakula kinapoa.

Nilikuuliza juzi kwenye simu, kwa maneno ya juu juu kwa kuwa baba alikuwa anasikiliza, kama zile sauti za zamani bado unazo. Ulicheka. Ulisema wachezaji walikuwa wanakudhihaki kwa kelele za jikoni, na kompyuta yako ya zamani ulishaifuta kabla ya kuiuza, takataka zote zimekwenda. Nikakujibu sawa. Sikulaumu, na pengine sina haki ya kukuuliza hili, lakini usiku huwa nawaza kama ulisahau kweli, au ulikuwa huwezi kuisikia sauti ya mama ukiwa peke yako mbele ya ile mashine, ukaona afadhali uifute. Kama ni hivyo, pole sana. Ungetuambia, tungeisikiliza wote.

Unasema mwisho wa mwezi unakuja, na kwamba unamletea baba mchezo kwenye kioo kikubwa aone mwanawe alipofika. Njoo. Anakuhitaji, na mimi nakuhitaji zaidi. Ila kioo kiache huko huko. Na ukifika, baba atakupa ile simu, nina hakika, kwa sababu wewe ndiwe uliyeutengeneza mchezo na kwake hakuna fundi anayekushinda. Utaishika, utaigeuzageuza, utaifungua. Yeye atakutazama usoni. Nakuomba kwa jina la aliyetuzaa, usimwambie kuwa sauti ile umeifuta. Wewe una maneno ya kitaalamu kuliko mimi, mwambie kifaa bado hakijafika.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie jino halingojwi. Fundi bomba mpe chai kabla hajaondoka, amenifanyia wema. Baba angekusalimu.

Ni mimi dada yako,
Mama Pasi