Mpaka Mwezi Uandame

Jumatatu, 12 Oktoba 1953

Shule imefungwa! Hata watoto wa ng'ambo ya mto wamerudishwa makwao. Njia ya Kinampanda imezibwa kwa miiba, na tarishi wa jumbe amekaa pale na rungu lake, kajiona mtu mkubwa kweli. Karantini. Sababu ni tauni.

Ilianzia kwa kina Petro. Petro wa darasani kwetu, aliyekuwa akiazima kalamu yangu kila siku na kuitafuna. Amezikwa juzi, na sisi tukakatazwa kwenda. Sasa watu wanasema panya walikuwa wakifa ndani kwao, mama yake akawafagia tu, akanyamaza, eti arusi ya binti yake isivunjike. Wajinga! Kusema tu kungewapunguzia nini? Nina hasira, hata ugali umenishinda.

Alhamisi, 15 Oktoba

Bwana Afya amefika. Ametukusanya wote, tumekaa mbalimbali kama kuku waliogombana. Anasema panya hufa kwanza, halafu viroboto wake humhamia mtu. Ukiona panya amekufa usimguse, sema. Mtu huanza kwa homa, au mtoki, uvimbe wa kinenani, hata akachechemea. Akiwahiwa, sindano zipo hospitali ya Kiomboi na atapona. Akichelewa, basi.

Tutafunguliwa mwezi mwingine ukiandama, kama hatapatikana panya hata mmoja. Akipatikana — tunaanza upya! Atapita kila nyumba, na atauliza watoto kwanza. Wakubwa, anasema, wamezoea kumjibu "salama" tu.

Tumeamriwa kutoboa paa za tembe ili jua liingie. Bibi amewaka: nyumba ya marehemu mume wake itobolewe na mtoto wa juzi! Baba kapanda juu, katoboa. Bibi amehamisha ngozi yake ya kulalia, sasa analala nyuma ya lindo, lile pipa la magome la kuwekea mtama, mahali ambapo jua halifiki. Mdogo wangu Filipo kamfuata. Hawezi kulala mbali na Bibi huyu mtoto.

Jumapili, 25 Oktoba

Hakuna ibada. Tumeimba nyumbani, Bibi akiburuta kila wimbo mpaka sisi tumemaliza yeye bado.

Mwalimu Zefania ametuma salamu kwa tarishi. Shule imefunguliwa kwa watoto wa ng'ambo. Mtihani wa darasa la nne uko palepale, katikati ya Novemba. Sisi tukifunguliwa mapema tutaufanya. Tusipofunguliwa, hatuna letu.

Nikamwuliza Baba, je, mwakani? Akasema mwakani ni zamu ya Filipo kuanza shule. Mkienda wote wawili, Bibi na macho yake yale yasiyoona vizuri atabaki na nani? Tangu Mama afariki Baba amekuwa akinisubiri nimalize darasa la nne nikae na Bibi. Hakusema kwa ukali. Afadhali angefoka, ningepata la kumnunia.

Ijumaa, 30 Oktoba

Dina wa ng'ambo amekuja mpaka kwenye miiba! Amesimama upande wake, mimi wangu, tunapiga kelele kama wauza samaki. Ananisomea maswali waliyopewa shuleni, mimi najibu. Tarishi kajitia mwalimu. Nimesema Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, kakataa kabisa, ati unaingia baharini, yeye amefika huko. Dina kacheka mpaka kaketi chini. Nilipokuwa narudi nimelia. Namwonea wivu Dina, na ni rafiki yangu.

Jumatano, 4 Novemba

Kila mtu na lake. Jumbe anasema tutafunguliwa Jumatatu. Tarishi anasema mpaka Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, arudi safari. Jirani anasema mpaka mavuno. Nani anajua? Nadhani hata Bwana Afya hajui.

Panya hajaonekana. Kila asubuhi nachungulia pembe zote. Ee Mungu, siku chache tu.

Jumamosi, 7 Novemba

Mwezi unatazamiwa jioni hii. Bwana Afya anapita nyumba kwa nyumba, akikuta salama miiba inaondolewa kesho.

Nimefagia mapema. Nyuma ya lindo, karibu na ngozi ya Bibi — panya. Amelala ubavu, meno nje.

Sikupiga kelele. Nimemfunika kwa chungu kibovu. Sijui kwa nini. Mikono ilifanya yenyewe. Nilipogeuka Bibi alikuwa amekaa, ananitazama. Macho yake yale, kumbe hilo ameliona!

Akaniambia polepole, "Acha chungu hapo. Usimwambie hata baba yako."

Nikamwambia, "Bibi, si unalala hapo?"

"Mimi nimekula chumvi ya kutosha, mjukuu wangu. Nenda kafanye mtihani wako."

Bibi huyu! Aliyekuwa akinung'unika kila nikishika kitabu. Nampenda mpaka kifua kinauma. Na nimefurahi — naandika kweli, hapa hakuna wa kunisoma — nimefurahi aliposema vile. Halafu nikamkumbuka mama yake Petro, nikaona haya.

Nimekaa uani na daftari. Bwana Afya yuko kwa jirani, namsikia akiuliza watoto. Baba ananoa jembe, anapiga mluzi. Siku nyingi sijamsikia akipiga mluzi.

Filipo ametoka ndani sasa hivi, anakuja kwangu. Anachechemea. Nimemwuliza ana nini. Amejikwaa, anasema. Wapi? Hajui. Nimemshika paji la uso. Joto. Lakini na jua nalo ni kali.

Hodi!

Bibi amewahi kuitika: "Karibu Bwana, sisi salama."

Bwana Afya amempita. Anakuja huku, ananiita, "Yunisi, na wewe unasemaje?" Filipo nimemshika mkono, tunasimama wote wawili; naweka kalamu, nikamwonyeshe kile chungu.