Ukungu Ukitoka Utaona Mji

Jumatatu, 7 Julai

Chai, dawa ya presha, gari la asubuhi kutoka Soy kwenda Eldoret. Nyumba mbili za kupanga. Hapana na hapana. Ya kwanza dirisha linatazama ukuta. Ya pili linatazama choo cha jirani. Ajenti wangu, mwanamke wa viatu virefu, amekata tamaa kabla yangu.

Jioni mwanangu Kiprono alipiga simu kutoka Nairobi. Habari ni ile ile: nyumba aliyonitafutia mtaa wa Kapsoya, geti, ua, nafasi ya kuku. Nimefuga kuku maisha yangu yote. Sitaki kuku. Nataka kuona mji. Tumekubaliana hivi: Jumamosi ya tarehe 26 atakuja kukagua. Kama sina nyumba inayoona mji, nahamia Kapsoya na sinung'uniki.

Jumanne, 8 Julai

Mvua. Sikutoka. Nimepanga vyombo kwenye katoni.

Nyumba hii sasa ni ya Kiptoo, kitindamimba wangu, kama mila yetu inavyotaka. Mkewe ananiheshimu hadi nachoka. Hakuna aliyenifukuza. Ila nimefundisha hapa Soy tangu nikiwa msichana, na Eldoret nimekwenda kwa benki, kwa hospitali, kwa sare za shule, kwa mbegu. Kila mara mbio, jicho kwenye saa. Sijawahi kuutazama mji nikiwa nimekaa. Nikimwambia mtu hivyo anadhani nazeeka vibaya.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata! Pembezoni mwa Huruma, ghorofa ya nne. Safi, maji yapo. Tulifika mapema na ukungu ulikuwa mzito. Ajenti alifungua dirisha akaelekeza kidole kwenye weupe mtupu. "Ukungu ikitoka, Mum, utaona town yote." Nikaitikia kwa kichwa. Nimelipa hapo hapo.

Magoti yamelalamika ngazini, lakini hayana kura.

Jumapili, 13 Julai

Nilihamia jana, Kiptoo akiniletea vitu kwa pikapu ya kuazima. Leo baada ya kanisa ukungu ukatoka. Nikaona mahindi. Mahindi, barabara ya lami, mahindi tena. Barabara hiyo naijua vizuri. Ndiyo inayokwenda Soy.

Nimehama Soy ili nitazame Soy.

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni, halafu nikakasirika. Mimi, niliyezaliwa ndani ya ukungu wa nyanda hizi, nimeuziwa ukungu. Ajenti hapokei simu. Kiprono naye akapiga, anataka kujua mji unaonekanaje. Nimemwambia bado kuna ukungu.

Jumanne, 15 Julai

Hodi mlangoni. Jirani wa mbele yangu, Mama Brian, mke wa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu wa Webuye. Mtoto mgongoni, beseni la nepi mikononi. Upande wake ndio wa maduka, na hapo chini kuna posho mill, mashine ya kusaga unga. Nepi akizianika zinajaa unga. Anaomba kuanika kwangu. Nikamwambia aanike.

Baadaye nimempelekea mursik kidogo, maziwa yetu ya mgando. Nikakuta dirisha lake limezibwa kwa blanketi, tena kwa misumari. Akainua pembe moja anionyeshe vumbi. Vumbi sikuliona. Niliona mji wote. Mapaa, minara ya makanisa, maghorofa yaliyosongamana katikati, magari madogo madogo yakizunguka.

Nimerudi kwangu bila kumaliza chai. Wivu. Nauandika jinsi ulivyo.

Jumatano, 16 Julai

Mtu huomba chumvi. Huomba jembe. Nyumba ya mtu haiombwi. Nimejikumbusha hivyo kutwa nzima nikiosha vyombo visivyo vichafu.

Kiprono tena. Ukungu, nikasema. "Saa nane mchana, Mum?" Nikamwambia ni Julai.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeomba. Niliona aibu lakini nikaomba tubadilishane nyumba. Mama Brian akaweka beseni chini akacheka mpaka mtoto akaamka. Kumbe yeye alitaka kuniomba tangu siku ya kwanza, akaona si adabu kumhamisha mama mzima. Mwenye nyumba naye amesema kwa simu kwamba hajali nani analala wapi, mradi kodi iingie. Nimeimba jikoni.

Jioni. Baba Brian amekataa. Amekuja kuniambia mwenyewe, kofia mkononi. Rafu, meza, kitanda cha mtoto, vyote amevichomelea kwa mkono wake na kuvifunga ukutani. Hawezi kubomoa kwa sababu ya nepi. "Si kwa ubaya, Mwalimu. Lakini hapana." Macho yake mekundu sana. Moto wa kazi, nadhani.

Siwezi kumlaumu. Namlaumu kidogo.

Jumatatu, 21 Julai

Nimerudisha sahani kwenye katoni. Kapsoya basi. Ahadi ni deni. Sina raha hata chembe.

Jumatano, 23 Julai

Mama Brian alikwenda kwenye chama chake cha akiba akaniachia Brian. Nikamlaza kitandani kwangu. Akalala. Akaendelea kulala. Upande wangu hausikii posho mill, unasikia ng'ombe mmoja tu, tena mvivu.

Baba yake akaja kumchukua akiwa bado na ovaroli. Akasimama mlangoni anamtazama. "Kumbe huyu hulala?" akauliza. Nikampa kiti angoje mtoto aamke, nikaenda kuinjika chai. Niliporudi, wote wawili walikuwa wamelala, baba mdomo wazi. Nikaurudisha mlango taratibu nikanywea chai yangu jikoni. Macho yale hayakuwa ya moto wa kazi. Ni ya mtu ambaye hajalala tangu apate mtoto.

Giza lilikuwa linaingia alipoamka. Akajipangusa uso, akatazama mahindi kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "tunahama lini?"

Jumamosi, 26 Julai

Nimechoka. Mkono unauma lakini lazima niandike.

Baba Brian alianza kukata rafu zake mapema, cheche zikiruka, Mama Brian akimkemea. Kiprono alipofika alinikuta katikati ya korido nimekumbatia godoro. Alidhani nimefukuzwa. Kabla hajafungua mdomo, Baba Brian akamkabidhi upande mmoja wa kabati. Akabeba. Na vile viatu vyake vya ofisi.

Mwisho kabisa tukang'oa blanketi. Mwanga ukaingia na vumbi lake. Kiprono alisimama dirishani, mikono mfukoni. Hapo posho mill ikanguruma. Akanipigia kelele sikioni, nitaishije hapa? Nikampigia kelele pia, kwamba nimefundisha darasa la nne na mashine haiwezi kunitisha.

Akanitazama. "Kwa hivyo ule ukungu wote, Mum?"

Nikamwambia umetoka.

Alicheka. Kwa siku nyingi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Nyumba ya Kapsoya ameighairi akiwa bado ngazini. Kwa Brian hakuna sauti tangu mchana.

Jumapili, 27 Julai

Kanisa. Viazi na mboga. Posho mill haisagi Jumapili.

Nimesogeza kiti dirishani. Mvua fupi ilipita upande ule wa mji, ikaacha mabati yanang'aa. Mtu fulani, mbali sana, alikuwa juu ya paa la ghorofa anaanua nguo, moja baada ya nyingine, bila haraka. Sijui ni nani. Nimemtazama hadi alipomaliza.

Jioni taa zikaanza. Chache kwanza, halafu sikuweza kuzifuata. Kiprono alipiga kuuliza ninafanya nini. Nikamwambia sifanyi kitu. Akasema sawa, Mum.

Chai imepoa. Mji wote ule mbele yangu, na sina shughuli huko hata moja.