Spika ya Kwaya na Mstari Mnyoofu

2 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila kiuno. Mama yako akikusimulia kwamba nimelipiga kandambili lile dude lako la kupimia, usimsikilize. Wote wanaisimulia vibaya. Nilipiga meza, dude likaruka lenyewe.

Ukweli ndio huu. Amplifaya ya kwaya inanguruma kama paka mwenye kinyongo. Nimechomeka hilo dude, oskiloskopu yako inayochora umeme kwenye kioo, kwenye kompyuta, nikagusa njia ya umeme wa ndani: mstari umenyooka kama suruali ya karani! Masikio yanasikia ngurumo, kioo kinaniambia hakuna kitu. Nikikuza picha, mstari unapaa, unatoka juu ya kioo, sijui umekwenda wapi. Nikipunguza, huyo karudi, mnyoofu vilevile. Mimi huyu, niliyefufua redio zilizozama mtoni!

Na binamu yako, mwenye duka, kasema kazi hii ikinishinda, meza yangu ya ufundi inatoka, anauzia pale vifuniko vya simu. Jibu haraka.

Mjomba wako, bingwa

9 Juni

Shikamoo mjomba,

Pole na kiuno. Huku sote wazima.

Hapo ulipogusa pana volti arobaini zilizotulia tuli. Ngurumo ni kiwimbi kidogo kimekaa juu yake, kama sisimizi juu ya paa. Ukikuza sisimizi unakuza na nyumba nzima, ndiyo maana inatoka nje ya kioo. Kwenye programu, palipoandikwa DC, bofya uweke AC. Nyumba itaondoka, atabaki sisimizi. Mkuze utakavyo.

Na meza usiipige tena, jamani.

Mpwa wako

15 Juni

Mpwa wangu,

Salamu baadaye, nina hasira.

Wimbi nililiona. Nikabadilisha kapasita zilizochoka, vile vikopo vya kutuliza umeme, ngurumo kwisha. Nikahamia njia ya kwenda kwenye spika, kioo kikasema sifuri, safi kabisa. Nikaunga spika ya kwaya. Weee! Karatasi yake ilichomoza mbele kama ulimi wa mtoto mtundu, ikakwama hapo hapo, moshi! Na mwalimu wa kwaya kasimama pale pale.

"Mzee," akasema, "hiyo ni sauti ya kwanza au ya pili?"

Binamu yako kaja na futi, anapima meza yangu nikiwa nimeiegemea. Dude lako lina uongo!

Mjomba wako, niliyeaibishwa

22 Juni

Shikamoo mjomba,

Pole sana. Kosa ni langu. AC inaficha umeme uliotulia kila mahali, hata pale usipotakiwa kuwepo. Kazini kwetu kila mtu akimaliza anarudisha DC, nikasahau kwamba wewe hujaambiwa.

Toa spika, rudisha DC, pima tena. Mstari ukikaa mbali na sifuri, kuna transista, kile kidude cha kukuza sauti, imekufa, pengine ulipokuwa ukibadilisha kapasita. Usiunge spika yoyote mpaka mstari ushuke. Binamu nimemwandikia kwamba mimi ndiye niliyekuponza, asiondoe meza.

Mpwa wako

3 Julai

Mpwa wangu,

Hujambo? Kiuno kimehamia gotini.

Nani kakutuma umwandikie binamu yako? Sasa mtaa mzima unasema mzee anafundishwa ufundi kwa barua! Na hiyo nayo wanaisimulia vibaya. Nilirudisha DC kwa mkono wangu mwenyewe. Mstari ukaruka: volti thelathini, palipotakiwa sifuri! Transista imepiga shoti. Nikaweka nyingine, mstari ukashuka, ukalala. Spika nimewapa ile yangu kubwa ya kusikilizia mpira. Sasa mpira nausikia ukutani, kwa jirani, na jirani anashabikia timu mbovu.

Kwaya ikaimba bila ngurumo. Mwalimu akanipigia makofi mbele za watu: "Mzee, wewe bingwa!"

Binamu yako hakuiondoa meza. Kaigawa. Nusu vifuniko, nusu mimi. Wateja wake wanaegesha vikapu juu ya waya zangu, nikifoka wananiuliza kifuniko cha bluu bei gani.

Na hayo makofi, basi, nimeongeza mwenyewe. Mwalimu alisema "haya", akabeba vyombo vyake, akaenda.

Mjomba wako