Ngozi ya Mbuzi na Stoo Yangu

Jumatatu, 3 Februari
Nimekwangua manyoya ya ngozi ya mbuzi kutoka chai ya asubuhi mpaka saa sita. Maji ya majivu niliyoiloweka yamefanya kazi. Kutoka Sagana mpaka Timau hakuna mzee anajua ngozi ya glavu kunishinda. Sijawahi kuharibu hata moja.

Sawa, uongo. Ya kwanza niliikaza juani kwa vigingi, vile babu alikuwa akitengeneza ngozi ya kulalia. Ikakauka ikawa ubao. Mama Muthoni, mke wangu, aliigonga na mwiko ikalia kama ngoma. Akacheka mpaka akakaa chini. Iliniuma.

Alhamisi, 6 Februari
Ngozi iko ndani ya pipa na maji ya maganda ya mti wa muwati, yale ya kuiivisha. Inanuka. Mama Muthoni anasema ni mimi nanuka. Ametoa amri. Tarehe nane Machi Kendi anakuja kutoka Timau, yule msimamizi wa wakata waridi kwa shamba la maua, kujaribu jozi moja ya glavu. Akizipenda, stoo inabaki yangu. Akizikataa, stoo ni ya kuku.

Halafu akacheka tena. "Na hiyo ngozi ikilainika, mzee, nitakukata kucha za miguu kwa mikono yangu mwenyewe."

Ati anafikiri nitasahau. Tangu Krismasi mgongo haunifikishi huko chini.

Jumatano, 19 Februari
Nimekata kipande pembeni. Rangi ya muwati imeingia, kahawia mpaka katikati. Nimecheza peke yangu stoo. Jogoo ameona.

Jumanne, 4 Machi
Nimeitoa kwa pipa. Nimeipaka mafuta ya kondoo na viini vya mayai. Mayai ya nani, sitaandika. Nimeianika kivulini. Juani, hapana. Nimejifunza.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbaya. Ngozi iko nusu kavu, na sasa lazima ivutwe mpaka ikauke kabisa. Kwa upana, ndio vidole vya glavu vikunjike. Ukiiacha saa moja, ubao tena. Na leo maombi ya nyumbani ni kwa jirani, na Mama Muthoni hasikii sababu.

Nimeenda nayo ndani ya koti. Pasta akifumba macho, navuta juu ya goti. Akisema amina, naficha. Huyo pasta huomba mpaka chai inapoa. Leo ndio mara ya kwanza nimempenda.

Mama Muthoni akanifinya. "Wewe mzee, unafanya nini?"

"Naomba."

"Na mikono?"

"Naomba kwa nguvu."

Tulifika nyumbani ikiwa kavu. Laini kama sikio la ndama. Sijamwonyesha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekata. Nimeshona. Kidole gumba nimekifumua mara tatu. Naogopa, na sipendi kuogopa nikiwa na umri huu. Kuku wamesimama mlangoni wanaangalia stoo kama wapangaji wapya.

Jumamosi, 8 Machi
Kendi hacheki, huyo mama. Amekuja na tawi la waridi lenye miiba kama kucha za paka. Akavaa glavu, akalishika, akalifinya. Namwangalia usoni. Hakuna kitu. Akavua, akatazama kiganja. Hakuna damu.

Akavaa tena. "Leteni kiberiti."

Akachomoa njiti moja tu na vidole vya glavu. Moja! Akaiwasha.

"Mzee, hii nasikia ni kama mkono wangu."

Anataka za wakata waridi wake wote. Wote! Nimemwambia Mama Muthoni arudie hayo maneno, nimezeeka, sijasikia vizuri. Amekataa. Nimeenda nyuma ya nyumba nikamwikia jogoo usoni. Amenyamaza.

Jumapili, 9 Machi
Mvua kidogo. Mlima umejificha. Nimekaa stoo yangu, mlango wazi, miguu juu ya pipa. Sitaki kitu kingine.

Ila kimoja. Mama Muthoni, najua unasoma hii daftari nikilala. Kucha bado ziko. Wembe uko juu ya redio. Ukiogopa kunishika miguu, nimekuwekea jozi ya glavu hapo kando.