Kabati la Baridi la Zuwena Limeshika Tena

Muskati, Jumatano, Julai 2006. Jua limekwisha kuzama, lakini hewa bado ni nzito kama nguo mbichi.

Niwie radhi, shajara yangu, kwa ukimya huu mrefu. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa safarini. Tangu nistaafu ufundi wa mafriji sikuwa na neno, na shuleni tulifunzwa kwamba asiye na neno asiharibu karatasi. Mjukuu wangu aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni husema kwamba hapa hakuna karatasi ya kuharibika. Hiyo si hoja.

Leo nina neno, na vidole vyangu vinakwenda mbio kuliko ninavyopenda.

Mdogo wangu Zuwena ana duka dogo Mawaleh, karibu na soko la matunda. Huuza sharubati za embe na ukwaju, mtindi, na sambusa za kugandisha anazozikunja mwenyewe. Duka lile linategemea kabati moja refu la baridi lenye mlango wa kioo. Wiki iliyopita kabati liliacha kupoza. Fundi aliyeitwa alisema kompresa, ule moyo unaosukuma gesi ya baridi, imeungua, na kwamba kabati la umri ule halistahili kompresa mpya. Khamis, mwanawe anayeishi Bawshar, aliona dua zake zimejibiwa: mama afunge duka, ahamie kwake, apumzike. Zuwena akakubali. Mwisho wa mwezi atamrudishia mwenye jengo funguo.

Alasiri nilikwenda kumsaidia kufungasha vyombo. Ndivyo nilivyowaambia wanangu nilipowaaga. Kwenye mfuko, chini ya mikate, nilitia mita, tochi na bisibisi.

Kompresa iliyoungua haijitahidi. Hii nilipoichomekea umeme ilinguruma, ikahangaika, kisha ikatoa mlio mdogo ikajizima. Hiyo si maiti, hiyo inajilinda. Nilichomoa plagi nikapima waya zake kwa mita. Nzima. Niligusa ganda lake kwa mgongo wa vidole, nikauondoa mkono upesi. Moto kama kikaango.

Kitu kinachochemka hivyo hakipumui.

Nilichomeka tena kwa muda mfupi nikashika kipande cha karatasi laini mbele ya wavu wa chini, pale feni inapovuta hewa. Feni ilikuwa ikizunguka vizuri, lakini karatasi haikutikisika. Nikazima umeme, nikatandika boksi la embe sakafuni, nikalala kifudifudi na kanzu yangu.

"Kaka Seif, inuka hapo," Zuwena alisema. "Mtu akiingia atasema nimekuua kwa ajili ya urithi."

"Urithi gani? Nipe tochi."

Nilifungua wavu. Nyuma yake ndipo ilipo kondensa, yaani mabomba yenye mabati membamba ambayo kazi yake ni kutoa joto nje. Sikuona bati hata moja. Niliona zulia jeusi, nene, linalonata. Vumbi la kawaida hutoka kwa brashi; hili halikutoka. Nililibandua kwa ukucha, nikalinusa.

Ubani!

Hapo nikaelewa kila kitu, na nusura nipige kichwa changu kwenye rafu. Zuwena hafungui duka alasiri bila kufukiza, kama alivyofanya mama yetu, ili riziki iingie. Nilimwuliza chetezo hukiweka wapi. Akanionesha sakafuni, mbele ya wavu ule ule.

"Hapo moshi hauchafui dari," alisema. "Unaingia wenyewe chini ya kabati. Nikasema hata mashine inapenda ubani. Siku hizi hauingii tena, nikadhani imeshiba."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Utomvu wa ubani umekuwa ukinata juu ya mabati, na vumbi la Mawaleh likinata juu ya utomvu, tabaka juu ya tabaka.

Tuliosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukapiga brashi taratibu, tukanyoosha mabati yaliyolala, tukaacha yote yakauke na kompresa ipoe. Kisha nilisema bismillahi, nikachomeka.

Ikashika.

Mlio ule, laini na ulionyooka, sijui niufananishe na nini. Nilitia chupa ya maji ndani. Tuliposali Magharibi na kurudi, maji yalikuwa ya kuumiza meno. Nimefanya kazi hii umri wangu wote, na bado nilisimama mbele ya kioo kile nikicheka peke yangu.

Zuwena alikunywa, akaifunga chupa. Kisha akasema, "Umenikorofisha, Kaka. Nilikuwa nishaliaga duka." Nikamwambia chetezo akihamishie mlangoni. "Usimwambie Khamis kitu," alisema. "Nnataka kufikiri peke yangu."

Lazima niwe mkweli hapa. Nilifungua kinywa nimwambie asifunge, nikakifumba. Ninataka duka lile libaki, na sina hakika kwamba ninalitaka kwa ajili yake. Alasiri zangu zina mahali pamoja tu pa kwenda, na kiti changu kiko kando ya kabati lile. Yeye, kwa upande wake, jioni miguu humvimba, na Bawshar kuna wajukuu wanaomngoja. Kuponya mashine hakunipi haki ya kumpangia mtu maisha yake.

Hata hivyo, furaha haitaki kuniondoka, na katikati yake limekaa swali: je, nimemtengenezea kabati, au nimemharibia mapumziko?

Njiani nilimwombea Mungu ampe lililo kheri kwake. Kisha, bila ya aibu, nikaliombea na duka.

Ana hadi mwisho wa mwezi. Akishaamua, nitaandika hapa, hata likiwa ni neno nisilotaka kuliandika.