Pikipiki ya 124

Jumanne jioni

Kumbe 124 si udanganyifu! Wiki jana nilimwambia Mama Kevine wa Buterere kwamba shemeji yake amemuuzia pikipiki ya uongo, kwa sababu aliahidiwa injini ya cc 125 na karatasi zinasema 124. Wakagombana vibaya.

Leo mwalimu Spès, aliyesomea Japani, alileta pikipiki yake gereji. Nikamuuliza kama 124 ni udanganyifu.

"Apana, fundi. Kule Japani permis, ruhusa ya kuendesha, ya pikipiki ndogo inaishia 125. Ukipita kidogo tu, unafanya mutihani mwingine. Basi watengenezaji wanasimama chini ya mpaka. Hata 400 zao ni hivyo hivyo, utakuta 399."

Miaka yote hii nafungua silinda, sikujua kwamba sheria ndiyo iliyozipima.

Nikaenda Buterere kuomba samahani, aibu imenijaa. Mama Kevine akampigia shemeji, akafungulia sauti, akanipa simu. "Mi sina mudomo wa kumwambia. Sema we mwenyewe."

Nikamweleza yote. Shemeji akauliza, "Na hii 149 yangu niliyouziwa kama 150, fundi, inakwepa sheria ya nchi gani?"

Mama Kevine akaangua kicheko, na shemeji akamsikia. Hiyo ya 149 sikuijua, nikasema hivyo.