Kiambaza Ulichokitomea Peke Yako

Konde, Pemba
Masika, 1962

Baba,

Barua zote nilizokuandikia nilipokuwa shule Unguja zilianza kwa kukuuliza hali. Hii haiwezi. Nikuambie tu kwamba Mama mzima, mbuzi wake kazaa pacha, na kiambaza cha nyuma, kile ulichokitomea peke yako, kimeanguka.

Kilianguka alfajiri, mvua ikinyesha. Hakikumuumiza mtu. Udongo ulimwagika wote, fito zikabaki zimesimama, na ukiwa uani unamwona Mama kitandani kwake.

Sikushangaa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kiambaza hakitomewi na mtu mmoja. Mmoja husimama nje, mwingine ndani, kila mmoja na bonge lake la udongo, wakasukuma pamoja mpaka mabonge yakutane kati ya fito na kushikana. Anayesukuma peke yake, udongo humpita ukaanguka upande wa pili. Kila likizo nilisimama ndani, wewe nje. Uso wako nilikuwa siuoni, nasikia sauti tu: "Sukuma nikusikie." Nikisukuma kivivu, ulicheka ukauliza kama huko shuleni tunalishwa upepo.

Umesimamisha nyumba nusu ya mji huu. Umejenga mpaka Kojani, boriti zikivushwa kwa mashua na wewe umezikalia juu zisiende na maji. Na siku ya kutomea ulikuwa huna kazi nyingine. Ukiitwa unakwenda, hata nyumba iwe imejengwa na fundi mwingine, kwani ndivyo tulivyo: mwenye nyumba hutoa wali, majirani hutoa mikono, na zamu huzunguka.

Kwa hiyo zamu yetu ilipofika, ya kutomea nyumba hii, tulijiandaa. Udongo tuliukanyaga tangu siku ya kabla yake. Mama aliazima masufuria ya harusi, akapika wali wa nazi na mchuzi wa samaki changu, akaosha sahani zote. Ukakaa barazani. Tukangoja. Katika shajara yangu ya siku ile nimeandika neno moja: "Hawakuja."

Hakuja hata Mzee Faki, uliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani, ambaye paa la nyumba yake umeliezeka kwa mikono yako. Baada ya adhuhuri ulijifunga shuka kiunoni, ukaenda nyuma ukaanza kutomea. Nilitaka kuingia ndani nikupokee. Ukasema, "Wacha." Nikasimama nikikutazama unasukuma, udongo unaanguka, wewe unazunguka ndani kuuokota, unarudi. Vile viambaza vingine vitatu ulikubali baadaye tuvitomee wote. Kile hukukubali.

Nilidhani najua sababu yao. Siasa zilikuwa zimeingia, watu hawanunui dukani kwa mtu wa chama kingine, na wewe hukuchukua kadi ya upande wowote. Nikasema basi, wamekususa wa huku na wa huko. Jioni ile nilikuja kukuambia kwamba posa yangu kwa Mize, binti wa Mzee Faki, ivunjwe. Sioi katika nyumba ya mtu aliyekuaibisha. Ulikuwa unanawa udongo. Hukuinua kichwa. "Fanya uonavyo," ulisema.

Nikafanya nilivyoona. Mize ameolewa Kiuyu, Baba. Ana mtoto.

Homa ilipokuchukua, Konde yote ilikuja kukuzika. Mzee Faki alishuka kaburini kukupokea. Mimi nilisimama pale nikiwaita wanafiki moyoni, na aliponipa mkono wa pole nilijitia natengeneza kanzu.

Sasa sikiliza. Mvua ilipopungua nilikanyaga udongo nikaanza kukitomea kile kiambaza. Sikumwita mtu. Bonge la kwanza lilipita likaanguka chumbani kwa Mama. La pili pia. La tatu halikuanguka. Kulikuwa na mkono upande wa pili.

Nilichungulia kati ya fito nikaona kofia ya Mzee Faki. Kapitia mlangoni, na Mama hakumzuia. Tulipandisha safu nzima hatusemezani. Kisha akaanza yeye, kutoka ndani.

"Babako kanikataza kuja. Siku ile. Kapita kwetu sote baada ya alasiri, siku moja kabla, kasema kesho asije mtu. Katuapiza sote tusikwambieni, na miye nikaapa."

Nilimuuliza kwa nini. Akanieleza polepole, huku anasukuma. Wa chama kimoja walikujia wakasema watakuja ikiwa wale wengine hawapo. Wengine nao wakaja na maneno hayohayo. Ukasema nyumba yako haitakuwa pahali pa kupangana watu safu mbili. Ukaona heri asije yeyote.

"Na kiapo, Mzee?"

"N'liapa miye. Kiambaza hakikuapa. Na chenyewe kishasema."

Nikamwambia angelinena kabla Mize hajaolewa. Akasukuma bonge jingine. "Weye hata salamu ulikuwa huitikii," akasema.

Baba, hilo la kuwakataza nalifahamu. Pengine ningelifanya hata mimi. Lakini uliona Mama anaosha sahani. Ulikaa barazani nasi ukitazama njia, na ulijua njia ile haina mtu. Na jioni nilisimama mbele yako nikaitupa nyumba ya rafiki yako na mke niliyemtaka, wewe una neno moja la kunizuia, ukanawa mikono. Mzee Faki alivunjiwa posa ya binti yake kwa aibu, akatimiza kiapo chake kwako. Wewe ulimtunzia nini? Mimi ulinitunzia nini?

Nilipomweleza Mama, alikaa na ungo wake mapajani asipepete. Mwisho akasema, "Angalau angeniambia nisipike." Tangu hapo hajakutaja.

Nusu ya juu ya kiambaza bado. Mzee Faki alitaka tuimalize wenyewe, nikakataa. Nimepita nyumba kwa nyumba, mchana, za huku na za huko, nikasema tunatomea Jumapili na kila mtu nimemwita, anayetaka kuja na aje. Wengine wameitikia, wengine wametazama chini. Mama ameyaazima tena yale masufuria. Sijui atakuja nani. Wakija wawili tu, ninao wa ndani na wa nje.

Yasini nakusomea kila Ijumaa na sitaacha. Mungu akupanulie hapo ulipo. Lakini sijakusamehe, Baba, na sitakuficha hilo kama ulivyonificha. Siku nitakapoweza kusamehe, nitakuja mwenyewe kaburini nikuambie kwa mdomo wangu. Hutalisikia kwa Mzee Faki.

Mwanao,
Bakari